Ghorofa ya Nane

Mshona nguo wa ghorofa ya kwanza anaapa aliona kwa macho yake mawili. Kijana aliingia kwenye lifti amevaa koti la kijivu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vinang'aa. Akabonyeza nane. Lifti ilipofika nane, haikusimama.

"Ilipita, mwanangu! Ikapanda kama inakwenda mbinguni. Kisha puu! Kimya."

Fundi aliangusha bisibisi. Jirani huyu alizoea kutia chumvi, lakini leo midomo ilimkauka. Lifti ile ilikuwa kazi ya fundi. Na mwenye koti alikuwa mpenzi wake pia, mpaka wiki mbili zilizopita.

Walikutana kwenye duka la vipuri lililojaa watu, mikono yao ikigombea boksi moja la chipu za kompyuta.

"Chukua wewe, bibie," kijana alicheka. "Mimi siandikii programu hizo za ukoo wenu. Zina rejista mbili tatu tu za kufanyia hesabu."

"Na kazi inaisha. Zako kumi na sita, na bado unapotea njia."

Wote wawili waliandika programu kwa lugha ya chini kabisa ya mashine, amri moja moja, kama kumlisha mtoto kwa kijiko. Namba ikizidi mia mbili hamsini na tano, yaani kisanduku kimoja cha kumbukumbu, hukatwa vipande viwili. Chipu za kijana hutanguliza kipande kikubwa. Za fundi hutanguliza kidogo. Basi yeye akamwita kijana Mkubwa Kwanza, naye akaitwa Mdogo Kwanza, na utani ukazaa mapenzi.

Kisha mwenye jengo akamnyang'anya kijana kazi ya lifti, akampa fundi. Kijana alimwachia daftari lake la namba za kimo cha kila ghorofa na maneno machache: "Nipigie kabla hujawasha." Fundi aliona ni dharau. Hakupiga, wala hakupokea simu zake.

Sasa simu ililia. Akaipokea kabla mlio haujaisha.

"Mdogo Kwanza." Ilikuwa sauti ya kijana. "Niko juu ya nane. Breki ya dharura imenidaka, lakini inateleza. Kidogo kidogo."

"Ulikuwa unakwenda wapi na koti hilo?"

"Kwa shangazi yako, huko nane. Hupokei simu, nikasema nianzie kwa wakubwa. Namba ya nane uliiandikaje?"

Alifunua daftari, kurasa zikimponyoka. Ghorofa ya saba: mia mbili hamsini na mbili, kisanduku kimoja. Ya nane: mia mbili themanini na nane, visanduku viwili. Moja, yenye thamani ya mia mbili hamsini na sita, halafu thelathini na mbili. Aliinakili hivyo hivyo. Kwa chipu yake hiyo ni elfu nane mia moja tisini na tatu. Mlango wa nane ulikuwa ukipakwa rangi hadi jana, hakuwahi kuujaribu. Lifti ilikuwa inatafuta ghorofa isiyokuwepo.

"Nilinakili ulivyoandika," alisema.

"Hilo ndilo nililotaka kukwambia."

Hakumlaumu. Ikamuuma zaidi.

Kwenye mtambo wa lifti, kando ya mlango wa chini, alibadilisha: thelathini na mbili, halafu moja. Akasoma mara tatu, jasho likidondokea vitufe.

"Nikiiwasha upya, breki italegea kabla mota haijashika. Kufumba na kufumbua tu. Kisha itatafuta nane, ndipo ishuke hadi chini."

"Najua."

"Kama nimekosea tena, je?"

"Sikiliza, kipenzi. Nilichotaka kumwomba shangazi, nakuomba wewe. Uwe mke wangu."

"Usiniulize ukiwa huko juu!"

"Nikuulize nikiwa wapi?"

Akafumba macho, akabonyeza. Chuma kikapiga ukelele. Simu ikakatika. Mshona nguo akaita Mungu.

Taa ya mlangoni ikawaka: nane. Ikakawia. Saba. Sita. Alihesabu kwa midomo, mkono ameung'ata, mpaka lifti ikatua chini kwa kishindo. Mlango haukufunguka. Kupitia ufa aliona ncha ya kiatu kinachong'aa, haisogei.

"Mkubwa Kwanza?"

Kwa pumzi ndogo akajibu: "Nipo. Nilikuomba kitu."

Akaweka kiganja kwenye chuma cha baridi. Mdomo ulikuwa wazi, lakini sauti ilikuwa bado haijashuka kutoka ghorofa ya nane.