Konokono Nambari Saba Mezani

Kila siku, kabla kengele ya kwanza haijalia, Jovelyn alipitia darasa la sayansi kulitazama shamba lake. Lilikuwa beseni la kioo ndani ya kabati, chini ya tangi la samaki ambalo Mwalimu Ompad alilijenga kwa mikono yake. Shambani iliota lato, ule mwani wa kijani unaoliwa, wenye punje kama vishada vidogo vya zabibu. Maji yalishuka kutoka tangini, lato ikanyonya uchafu wa samaki, kisha pampu ikayarudisha juu yakiwa safi. Huko juu matumbawe yalichanua na konokono kumi na wawili wakasugua vioo. Kila konokono alikuwa na nambari mgongoni, iliyoandikwa kwa rangi ya kucha ya mke wa mwalimu. Msumbufu wao alikuwa Nambari Saba. Huyo hakai! Leo yuko kwenye bomba, kesho yuko shambani, keshokutwa mwalimu anamwokota sakafuni.

Kila Ijumaa Jovelyn alipaswa kupunguza lato na kuitupa kwenye mbolea ya maua. "Kata iliyozidi tu," mwalimu alimwambia. "Nusu usiiguse." Rafiki yake Dondon alikabidhiwa kijiko cha chakula cha samaki, na alikitunza kama medali.

Sasa, nani kisiwani kwao Bohol anatupa lato? Ijumaa moja roho ilimuuma Jovelyn, akafunga konzi moja kwenye mfuko, akampelekea bibi yake. Lola Sepa, yaani Bibi Sepa, alikuwa mzamiaji wa lato ujanani, mpaka magoti yalipomgomea. Aliweka punje mdomoni, ikapasuka, akafumba macho.

"Umeitoa wapi hii, mjukuu wangu?"

Angesema shuleni, mambo yangeishia hapo. Lakini bibi alimtazama kwa macho ya furaha, na ulimi ukamponyoka. "Nimezamia, Lola."

"Umezamia! Wewe!" Lola Sepa akatoka barazani mbio, magoti yamesahaulika. "Jamani majirani! Damu yangu hii! Nani alisema huyu anaogopa maji?"

Aliyekuwa akisema hivyo kila siku ni Jovelyn mwenyewe, ila hakuna aliyemuuliza.

Wiki ya pili bibi alitaka bakuli zima. Wiki ya tatu jirani naye akataka kuonja. Jovelyn akakata iliyozidi, kisha akaanza kuikata na ile nusu isiyoguswa, shamba likabaki na upara. Ili mwalimu asione, alibandika karatasi kwenye mlango wa kabati: USIFUNGUE. LATO IMEPUMZIKA. Mwalimu Ompad, mtu asiyemdhania mwanafunzi mabaya, alitabasamu. "Hata sisi tunapumzika," akasema, akapita zake.

Maji yakageuka kijani. Mawe yakaota utando, na matumbawe yakajikunja kama ngumi.

"Dondon," alisema mwalimu, "unawalisha kupita kiasi."

"Haki ya Mungu, Mwalimu, kijiko kimoja tu!"

"Kijiko kimoja hakichafui maji hivi. Kilete hapa."

Dondon akakitoa. Darasa likacheka, mmoja akamwita Mpishi wa Harusi, na jina likamganda. Siku ile alikula chakula chake peke yake nyuma ya darasa. Jovelyn aliyaona yote. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikaja, ikapita.

Ikafika sikukuu ya mtakatifu wa mtaa, siku ambayo hakuna nyumba inayofunga mlango, na mgeni asiyekula ni kama amekutukana. Lola Sepa aliomba lato bakuli moja tu la heshima. Jovelyn akaikomba yote iliyobaki.

Wageni wakaingia. Dondon alikuja na wazazi wake, akakaa pembeni. Nyuma yao, lahaula! Mwalimu Ompad na mkewe.

"Karibu lato, Mwalimu," alisema Lola Sepa, akisogeza bakuli. Siki aliiweka kando, maana lato ikikutana na siki mapema hunywea. "Mjukuu wangu kaizamia mwenyewe. Huyu ni samaki!"

"Jovelyn? Mbona pwani haingii maji yakipita magoti?" Mwalimu akachovya, akatafuna, uso ukang'aa. "Lo, tamu! Mwaka huu sijala lato kama hii."

Akachukua tena, na tena. Jovelyn alitamani ardhi ipasuke immeze. Ndipo kwenye ukingo wa bakuli kikapanda kitu, taratibu, pembe mbili mbele. Mgongoni kilikuwa na nambari nyekundu.

Mwalimu akaacha kutafuna. Akavaa miwani.

"Nambari Saba," akasema kwa upole, "na wewe umealikwa?"

Mkewe akainama. "Hiyo si rangi yangu ya kucha?"

Jovelyn akaangua kilio. Hakumgeukia mwalimu, alimgeukia Dondon. "Ni mimi! Nimeikata lato yote. Wewe uliwapa samaki kijiko kimoja tu, na mimi nilijua, nikanyamaza."

Mwalimu akalitazama bakuli. "Kwa hiyo lato hii imenenepa kwa mavi ya samaki wangu?"

"Na ya baharini inanenepa kwa nini, Mwalimu? Kwa wali?" alijibu Lola Sepa. "Au samaki wa baharini wana vyoo?"

Dondon ndiye aliyeanza kucheka, na nyumba nzima ikamfuata. Mwalimu mwenyewe alicheka hadi akavua miwani. Kisha akamwita Jovelyn.

"Lato itaota tena. Bakuli hili halijaguswa na siki, kwa hiyo hii iliyobaki tutairudisha shambani leo leo. Lakini umelichafua jina la mwenzako, na hakuna mwani unaosafisha jina. Kazi hiyo ni ya mdomo wako. Jumatatu utasimama mbele ya darasa."

Jumatatu alisimama, akasema yote. Mwalimu akamwomba Dondon msamaha na kumrudishia kijiko chake, na tangu hapo hakuna aliyemwita Mpishi wa Harusi. Baada ya wiki sita maji yalikuwa meupe, na matumbawe yakafunguka.

Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu, Lola Sepa alimshika Jovelyn mkono, akamfikisha ufukweni.

"Lato ya shuleni ningeila vilevile, na ningekusifu vilevile," alisema. "Ila nimeshautangazia mtaa mzima kwamba unazamia, na mimi, mjukuu wangu, sisemi uongo. Haya, ingia."

Jovelyn akaziba pua, akaingia.