Vijiti Pacha vya Mama Khu

Saa kumi na mbili kasoro jioni, Tsung-han alitoka kwenda kununua RAM, vile vijiti vya kumbukumbu vya kompyuta. Hakuwa na jambo jingine kichwani.

Kompyuta yake ya kuchezea gemu ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na wenzake kazini walishachoka kumtania. Lakini hakuwa tayari kuitupa, kwa sababu ndiyo iliyompa mchumba. Miaka minne nyuma, kwenye gemu moja la mapanga, alikutana na Yun-chieh juu ya daraja. Wakapigana, wakapatana, mwishowe wakafunga ndoa humo humo ndani ya gemu, kwa mchezo. Ndoa ya kweli ilikuwa inangoja mwezi wa tisa. Kwa sasa Yun-chieh alifanya kazi mji wa Kaohsiung, kusini, yeye akiwa Taipei, na kupigiana simu ndiyo iliyokuwa kazi yao.

Jioni hiyo, saa mbili kamili, gemu lenyewe lilikuwa linafungwa milele. Walikubaliana wasimame pamoja juu ya daraja lile mpaka seva zizimwe. Shida ni kwamba toleo la mwisho lilikuwa zito, na kwa RAM ile kidogo aliyokuwa nayo, mashine ilikuwa inaganda kila baada ya dakika mbili.

"Usipofika darajani leo, na ile harusi ya kweli nitaifikiria upya," Yun-chieh alimwambia kwenye simu.

"Nitafika. Hata kwa magoti."

"Na uangalie unachonunua. Ni mwezi wa saba huu. Usilete vitu vya marehemu."

"Ni RAM, mpenzi, si koti la mtu."

Ulikuwa kweli mwezi wa saba wa kalenda ya wazee, mwezi ambao milango ya kuzimu huachwa wazi na wafu hutembea. Kando ya barabara watu walikuwa wametandaza meza za matunda na bia kwa ajili ya "kaka wema", maana mwezi huo hakuna mwenye akili timamu anayewataja kwa jina lao halisi. Pesa za bandia, za kuwatumia wao, zilikuwa zinaungua ndani ya madebe. Tsung-han alipita katikati ya moshi, akaingia soko la vifaa vya kompyuta.

A-Hok, ambaye humuuzia vitu tangu wakiwa wanafunzi, aliangua kicheko.

"Kizazi cha tatu? Kaka, hiyo RAM nilimuuzia babu yako!"

"Acha maneno. Ubao wa kompyuta yangu una nafasi mbili tu. Nipe viwili, giga nane nane."

A-Hok akapekua kikapu, akatoa viwili. "Hivi hapa. Lakini si pacha. Huyu anakimbia, mwenzake anatambaa. Wakielewana, bahati yako. Wasipoelewana mashine haiwaki, na usije kunililia hapa."

"Pacha hakuna?"

A-Hok alitazama kushoto, akatazama kulia. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Chini, kwa Mama Khu. Ila... ngoja mwezi uishe."

"Siwezi. Ni leo saa mbili."

"Haya. Mimi sijakutuma."

Kibanda cha Mama Khu kilikuwa mwisho wa korido ya chini, pale ambapo taa moja huwaka na tatu hazijawahi kubadilishwa. Palinuka ubani. Na chini ya ubani, harufu nyingine... karafuu maiti. Mwanamke mdogo wa mwili, nywele nyeupe, alikuwa ameketi nyuma ya meza isiyo na bidhaa.

"Kizazi cha tatu," alisema kabla hajaulizwa. "Pacha. Vimetoka kwenye mashine moja, havijawahi kutenganishwa. Mwenyewe alivitunza sana."

"Bei gani, mama?"

Akataja bei ya bakuli mbili za tambi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini saa ilikuwa inakimbia, na Tsung-han akatoa pesa.

Mama Khu akafungua daftari. "Kwa ajili ya dhamana. Jina?"

Akamtajia.

"Mwaka wa kuzaliwa? Mwezi? Siku?"

Akataja.

"Saa?"

"Saa ya kuzaliwa, mama? Ya kazi gani?"

"Dhamana yangu ni ya maisha, mwanangu. Lazima nijue maisha ya nani."

Kalamu yake ilikuwa inangoja hewani. Basi akamtajia, alfajiri, kama mama yake alivyozoea kumsimulia. Mama Khu akaandika polepole, akatabasamu, kisha akavitia vile vijiti kwenye bahasha nyekundu. Tsung-han hakushangaa. Kitu kilichotumika, ukikinunua mwezi wa saba, hufungwa kwa chekundu ili kisikufuate na jambo. Kila mtu anajua.

Mama Khu akanyoosha mkono kumpa. Bahasha ikamponyoka, ikaanguka sakafuni.

"Aa! Mgongo wangu huu... Niokotee, mwanangu."

Akainama, akaiokota.

Nyuma ya pazia lililokuwa mgongoni mwake sauti ya mwanamume ikanong'ona.

"Ameokota?"

"Ameokota," akajibu Mama Khu.

Tsung-han alirudi nyuma hatua moja. Tangu akiwa mtoto ameambiwa asiokote bahasha nyekundu iliyotupwa chini. Lakini hiyo ni ya barabarani, akajiambia. Hii ni ya dukani, nimeilipia. Akapanda ngazi mbio, na hakugeuka nyuma.

Nyumbani alikaa sakafuni, akafungua kasha la kompyuta. Juu yake kulikuwa na ile pakiti ya kijani ya vitafunwa ambayo mafundi wote wa huko huiweka juu ya mashine ili itulie na isigome. Akaigeuza. Muda wake ulikuwa umekwisha tangu mwezi wa sita, na iliyokwisha muda ni afadhali usiweke kabisa. Akaitupa kwenye ndoo huku akijilaumu.

Alivisugua vijiti kwa kifutio cha penseli mpaka meno yake ya dhahabu yakang'aa. Kwa kujaribu, alichomeka kimoja kipya kando ya kimoja chake cha zamani. Mashine ikalia mara tatu, ikazima. Akarudia. Ikalia tena, kwa ukali zaidi. Alipotoa cha zamani na kuwaweka wale pacha peke yao, mashine iliwaka mara moja. Feni, ambayo kwa miaka kumi na miwili ilikuwa inanguruma, ilinyamaza kimya.

Saa mbili kasoro dakika kumi. Akaweka simu kwenye spika.

"Nimefika," alisema kwa furaha. "Unaniona?"

"Nakuona. Nani huyo kando yako?"

Darajani alisimama yeye na upanga wake. Mbele yake alikuwa Yun-chieh, kanzu ya buluu. Na upande wake wa kulia, karibu mno, alisimama mwanamke mwenye vazi jekundu la bibi arusi. Juu ya kichwa chake hapakuwa na jina.

"Simjui."

"Amekushika mkono, Tsung-han."

Aliusogeza mhusika wake kushoto. Yule wa chekundu akasogea naye. Kisha akageuza kichwa, polepole, akamwelekea Yun-chieh. Mstari wa uhai wa Yun-chieh ukaanza kupungua. Hakuna aliyempiga. Pale darajani hairuhusiwi hata kuchomoa upanga.

"Huku kwangu... panaanza kunuka," Yun-chieh alisema. Akakohoa. "Kama kabati la bibi. Kifua kinabana..."

"Zima mashine! Toka nje!"

"Nimezima... tangu mwanzo... haizimi."

Tsung-han alijitupa ukutani, akang'oa waya wa umeme.

Skrini haikuzima.

Kwenye simu zilisikika pumzi fupi fupi, za mtu anayezama. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, si kwa ajili yake, bali kwa msichana aliyekuwa mbali naye kilomita mia tatu na zaidi. Akaichukua ile bahasha nyekundu na kuikung'uta. Likaanguka fungu la nywele lililofungwa kwa uzi. Kucha zilizokatwa. Picha ya msichana mwenye miwani, amekaa mbele ya kompyuta. Na karatasi yenye tarehe mbili na saa mbili za kuzaliwa, zimeandikwa sambamba. Moja ilikuwa yake. Alikuwa amemwona Mama Khu akiiandika daftarini. Hii ya kwenye karatasi wino wake ulikuwa umepauka kama wa miaka mingi.

"Yun-chieh, nisamehe! Nimeokota bahasha. Ya bibi arusi marehemu, anayeiokota ndiye mume. Nimeiokota kwa mkono wangu!"

Kikasikika kicheko kidogo, chenye kukwama.

"Mjinga wewe... Bibi yangu aliishi na mke mwenza wa namna hii." Akavuta pumzi kwa shida. "Anaolewa yeye kwanza. Aliye hai... anakuja wa pili."

"Sitamwoa! Nitavivunja hivi vijiti!"

"Ukivivunja nakufa. Nyamaza."

Mstari wa uhai ulikuwa umebaki kama unywele. Mhusika wa Yun-chieh akapiga magoti darajani, mbele ya yule wa chekundu. Maneno yakatokea juu yake, herufi moja moja:

Dada mkubwa. Tangulia wewe. Mimi nitafuata nyuma.

Mwanamke wa chekundu alisimama tuli. Kisha akauachia mkono wa Tsung-han, akainama, akamwinua Yun-chieh.

Mstari wa uhai ukajaa. Kwenye simu Yun-chieh alivuta pumzi ndefu, akalia. Saa mbili ikagonga na skrini ikawa nyeusi.

Kesho yake asubuhi Tsung-han alirudi sokoni. Kibanda cha chini kilikuwa kimefungwa, na mlangoni pamebandikwa karatasi nyekundu: TUMEFUNGA SIKU TATU. TUNA HARUSI.

"Binti wa Mama Khu aliitwa Bi-lan," A-Hok alimweleza bila kumtazama usoni. "Alifia kwenye kiti, mbele ya mashine yake, ana miaka ishirini na nane. Hakuwa na mume, na roho ya binti asiye na mume haina madhabahu ya ukoo ya kukaa. Wazazi wamehangaika naye sana."

"Kabla yangu aliokota nani?"

"Wawili."

"Wako wapi?"

A-Hok alianza kuhesabu skrubu kwenye kopo.

Basi Tsung-han alimwoa Bi-lan, kwa ubani na kibao cha marehemu chenye jina lake, huku Mama Khu akilia kwa furaha na kumwita mkwe. Mwezi wa tisa akamwoa Yun-chieh, naye akahamia Taipei. Kibao kiliwekwa rafuni sebuleni. Kila asubuhi Yun-chieh alikiwashia ubani na kukisalimu kwa adabu, na Tsung-han akaanza kuamini kwamba yamekwisha.

Jumapili moja mchana, mvua ikinyesha, alikuwa amejilaza kwenye kochi anaangalia mpira. Yun-chieh alitoka jikoni na sinia. Akasimama katikati ya chumba.

"Sogea," alisema.

"Nafasi ipo, njoo ukae."

"Si mimi." Hakuwa anacheka. Kwenye sinia palikuwa na bakuli tatu za tambi, zote zinatoa moshi, na moja ilikuwa imeshaliwa nusu. "Umemkalia dada miguu."

Tsung-han alisogea haraka, mpaka mwisho wa kochi. Mto uliokuwa kando yake ukabonyea taratibu, na Yun-chieh akaketi upande wa pili wa dada, akaanza kula.