"Nenda," Alisema Haraka Mno

Lifti ilikwama mchana, saa ambayo jengo zima hushuka kwenda kula. Ndani watu walikuwa wamebanana kama njiti kwenye kiberiti. Taa ikazimika, na bwana mmoja mnene aliyekuja kufuatilia bima ya gari lake akaanza kuhema kama mtu anayezama.

"Tunakufa!" mtu akapiga kelele.

"Hatufi," ikajibu sauti ya mwanamke, tulivu kabisa. "Hewa inaingia hapo juu. Nyie wa pembeni jibaneni kidogo, huyu baba apate pa kukaa. Baba, nipe mkono. Vuta pumzi pamoja na mimi. Polepole. Toa. Tena."

Juu yao, fundi wa lifti alikuwa amelala kifudifudi kwenye korido ya ghorofa ya nane, anahangaika na mlango. Aliisikia ile sauti, mkono wenye spana ukasimama.

"Dada, wewe ni daktari?" akauliza kupitia ufa.

"Mimi napokea simu za wateja wa bima. Na wewe, ni fundi au mwandishi wa habari? Tutoe!"

Mle gizani watu wakacheka, hata yule bwana mnene akacheka katikati ya kuhema.

Mlango ulipofunguka, fundi alimkuta yule mwanamke amekaa sakafuni, blauzi yake ya njano imelowa jasho, sketi nyeusi imejaa vumbi, viatu vya kisigino kavirusha kando. Kichwa cha yule bwana kilikuwa begani kwake. Aliwatanguliza wote, akatoka wa mwisho.

"Mkono wangu una grisi," fundi alisema huku akiunyoosha.

"Na wangu una jasho la watu. Vuta."

Basi wiki zilizofuata, lifti za jengo lile zilikaguliwa kuliko lifti yoyote duniani. Mafundi wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Yeye hakujali. Siku moja akapiga simu huduma kwa wateja ya ile kampuni ya bima, akaomba na kuomba mpaka akaunganishwa na ile sauti.

"Nikusaidie nini, kaka?"

"Nataka kukata bima ya moyo."

"Ya moyo hatuna. Tuna ya moto."

"Basi nipe hiyo hiyo ya moto. Kuna kitu kinaungua huku."

 Kikasikika kicheko kilichobanwa. "Wewe Grisi, simu hizi zinarekodiwa, ujue."

"Vizuri. Siku nikikataa kwamba nilikupenda, watanishtaki."

Ndivyo jina la Grisi lilivyomganda, na yeye akamwita Sauti. Walianza kutembea pamoja jioni baada ya kazi, yeye na ovaroli lake la bluu lililokunjwa mikono, Sauti na mkoba begani na raba alizovaa badala ya visigino. Grisi hakuchoka kumtazama. Mtu akikohoa barabarani, Sauti aligeuka. Mtoto akianguka, alikuwa ameshafika kabla mama hajapiga yowe. Alikuwa na shahada ya biolojia, lakini alipomaliza chuo kazi iliyojitokeza ilikuwa ya bima, akaishika. Baba yake alipougua, ni yeye aliyemuuguza nyumbani mpaka mwisho.

"Mama alikuwa hawezi kuingia chumbani," alimweleza. "Anafika mlangoni, miguu inakataa. Nikaingia mimi. Utaniona wa ajabu, mpenzi, lakini mle chumbani ndimo nilijiona nina kazi."

"Sikuoni wa ajabu. Nakuona tu."

Jioni moja wakiwa wamekaa kwenye benchi la bustani ya manispaa, Sauti akamwambia jambo alilokuwa akiligusagusa kwa muda mrefu. Chuo kimoja katika mji wa mbali kilikuwa kimemkubali kusomea shahada ya uuguzi, ile ya haraka, ya watu ambao tayari wana shahada nyingine. Mambo ambayo wengine huyasoma kwa miaka minne, wao huyamaliza chini ya nusu ya muda huo. Darasani asubuhi, wodini mchana, na vitabu muda unaobaki. Kazi huwezi kufanya. Nyumbani hurudi ila kwa nadra. Chuo kilitaka jibu kufikia Ijumaa.

"Mama anasema nimerogwa. Shahada unayo, meza unayo, kiyoyozi unacho, unaviacha ukamwage mikojo ya watu? Na mimi mwenyewe naogopa, Grisi. Umri huu nikaanze upya na watoto wa juzi. Nikishindwa je? Sasa wewe, unaniambia nini?"

"Nenda."

Hakupepesa hata jicho. Sauti alimtazama, akingoja japo pumzi iliyokatika.

"Haraka hivyo?"

"Ndiyo. Nenda."

Sauti akasimama, akajipangusa sketi ambayo haikuwa na vumbi. "Hata kujifanya unafikiri, hukujifanya."

"Nimekosa nini sasa, kipenzi?"

"Hujakosa. Umejibu kama mtu aliyeulizwa njia ya stendi."

Akaondoka. Siku hiyo simu ya Grisi haikupokelewa, wala kesho yake. Alipopiga ofisini alipokelewa na mfanyakazi mwenzake Sauti, ambaye alisema kwa sauti ya kufundishwa kwamba mhusika yuko kwenye mkutano. Sauti alikuwa kando yake, anatafuna kalamu, machozi yamemjaa. Alijiambia kwamba mwanamume anayekupenda hakufungulii mlango upesi namna ile.

Grisi hakumfuata kumbembeleza. Alimtumia ujumbe wa sauti tu: "Kama hutaki kunirudia, sawa, nitavumilia. Lakini kabla hujawajibu watu wa chuo, nenda ukashinde na dada yangu wodini. Nimemwomba, naye ameomba ruhusa kwa wakubwa wake. Usiamue kwa maneno ya mama wala yangu. Kaione kazi yenyewe."

Sauti aliusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaenda.

Dada yake Grisi alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, mwanamke mfupi mwenye gauni jeupe lililonyooshwa vizuri na saa ndogo iliyobanwa kifuani. Alimpokea kwa kumkagua kuanzia raba mpaka nywele.

"Kumbe ndiye wewe wifi unayenikimbia kabla sijakuona? Haya, nawa mikono. Unifuate, na ukizimia, uzimie pembeni."

Walipita kitanda kwa kitanda. Kwenye kimoja kijana aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo alisema hajambo, asante sana sista. Muuguzi alikuwa ameshapita, akarudi. Akamshika kifundo cha mkono, akamtazama midomo, akahesabu pumzi zake kimyakimya, kisha akamwita daktari kwa sauti ambayo ilimtoa daktari mbio. Kijana alikuwa anavuja damu ndani. Akakimbizwa chumba cha upasuaji.

"Umejuaje?" Sauti akanong'ona.

"Jana alinitukana. Leo ana adabu. Mgonjwa msumbufu akipoa ghafla, ujue kuna jambo."

Mbele kidogo mzee mmoja alikuwa ameloanisha shuka, ameufunika uso kwa aibu. Sauti hakungoja kuambiwa. Alimsalimia mzee shikamoo, akamgeuza ubavu taratibu, akaiviringisha shuka chafu mgongoni mwake, akatandika safi nusu, akamrudisha upande wa pili, akamalizia. Muda wote alikuwa akimsemesha habari za mvua. Mzee akaufunua uso.

Muuguzi alikuwa amesimama anaangalia. "Nani kakufundisha?"

"Baba yangu. Alipokuwa anaumwa."

Yule muuguzi akaitazama mikono ya Sauti. Kisha akamvuta mpaka dirishani. "Sikudanganyi. Miguu itauma. Watakutukana. Wengine watakufa ukiwa umeshawazoea. Na hiyo kozi ya haraka, nimewaona waliokimbia katikati. Lakini wewe mikono yako ilishaanza kazi zamani, inasubiri karatasi tu." Akashusha sauti. "Na mdogo wangu usimwonee. Ulipotaja chuo mara ya kwanza, kwa utani tu, alikuja kwangu akalia jikoni kama mtoto. Akasema, dada, siku akiniuliza, nikisita hata kidogo atabaki kwa ajili yangu. Sitaki niwe sababu ya yeye kubaki."

Sauti alimkuta Grisi kwenye chumba cha mitambo juu ya paa, kichwa kimezama kwenye mota.

"Mwongo wewe!"

Grisi akainuka ghafla, akajigonga. "Sauti?"

"Lile jibu lako. Nataka ulijibu tena, polepole. Usinifiche kitu."

Akaifuta mikono kwa tambara muda mrefu. Safari hii neno lilikuwa zito. "Nenda," alisema, na sauti ikamkatika. "Nitakukosa mpaka nitaumwa. Nenda tu, mpenzi. Mle kwenye lifti, gizani, niliwasikia watu wakiacha kuogopa kwa sababu yako. Siwezi kukufungia kitu kama hicho ofisini."

Sauti akamkumbatia na grisi yake yote. Blauzi yake nyeupe ikaharibika kabisa, na hakuna aliyejali.

"Na mimi nina swali," Grisi akasema nyweleni mwake. "Nikuoe kabla hujaenda, au ukirudi?"

"Kabla."

"Haraka hivyo?"

"Nyamaza wewe!"

Mama yake Sauti alikuwa mgumu kuliko mlango wa chuma. "Utaishi na mke wa kwenye simu?" alimuuliza Grisi.

"Nitaweza, mama."

Sauti akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, ulipokuwa huwezi kuingia kwa baba, nani aliingia?"

Mama aligeuza uso ukutani, mabega yakamtikisika. Alipogeuka alimshika binti yake mikono yote miwili, akaitazama kama vile haijui. "Basi uniahidi kula," akasema. "Mama wa muuguzi asizikwe kwa wasiwasi."

Ndoa ilikuwa ndogo, ya haraka, ya furaha. Siku chache baadaye Sauti alikuwa darasani, mkubwa kuliko wengi, anaandika mpaka vidole vinauma. Alishindwa mtihani wa dawa, akaurudia, akafaulu. Na Grisi, kila jengo aliloingia, aliwaambia walinzi na wafagizi ambao hawakumuuliza kwamba mke wake anasomea uuguzi.

Mchana mmoja akiwa katikati ya kazi, simu ikalia. Alisikia pumzi tu.

"Kipenzi?"

"Bibi wa kitanda cha dirishani amefariki," Sauti akasema. "Nilikuwa nimemshika mkono. Halafu tukamwosha. Nimemchana nywele, Grisi, kwa sababu alipenda zichanwe. Sijalia mbele ya wenzangu. Sasa niko nje, na nina dakika chache, na sijui nianzie wapi."

Grisi alizima mtambo. Akakaa kwenye ngazi, akaiweka spana chini.

"Anza na jina lake," akasema. "Alikuwa anaitwa nani?"