Vidonge vya Daku

Asubuhi ile pale Ggaba, kwenye mwalo wa samaki, mitumbwi ilikuwa imeingia mapema, na wachuuzi wote walipiga kelele kana kwamba samaki ni viziwi. Phelister, Mjaluo wa Kisumu mwenye hoteli ndogo kule Nateete, aliinama juu ya beseni akichagua ngege walionona. Alivaa kitenge cha buluu chenye maua ya njano, kimembana panapostahili, na chini viatu vya mpira kwa ajili ya matope. Mara mkono wa mwanamume ukaingia kwenye beseni lilelile, ukamshika ngege yuleyule ambaye Phelister alikuwa akimnyooshea mkono. Ngege akauchoma mkono huo kwa miiba ya mgongo.

"Pole," Phelister akasema. "Huyo alikuwa wangu. Amekuadhibu."

"Nnyabo, mama yangu, mimi sikujua samaki iko na mwenyewe."

Mwenye mkono aliitwa Fadhul, Mnubi wa Kibuli, mjane wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa na pikapu yake ya kubebea barafu na samaki. Mrefu, ndevu zenye mvi zimepunguzwa vizuri, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani. Kuchomwa na ngege ni jambo la kila siku pale, lakini damu ya Fadhul ilitoka na kuendelea kutoka, ikachirizika mpaka kwenye kiwiko.

"Wewe mzee, hiyo damu yako haina breki?"

"Iko na dawa ndani. Moyo yangu inapiga ovyo-ovyo. Daktari alisema damu inaweza kulala ndani ya moyo, igande, halafu ile bonge iende kwa kichwa. Sasa nameza kidonge, inafanya damu nyepesi."

Phelister akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga kidole na kukibana kwa nguvu zote.

"Utavunja hiyo kidole, nnyabo."

"Nyamaza. Nikitaka kukuvunja nitaanza na mdomo."

Fadhul akacheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu amzike mkewe, na yeye mwenyewe aliligundua hilo baadaye, akiwa njiani, barafu ikimyeyukia nyuma. Kesho yake alipeleka barafu Nateete mahali ambapo hakuna aliyeagiza barafu.

Phelister alikuwa ameachika zamani na hakupenda kueleza kwa nini. Kwa hiyo hawakuwa vijana, na hawakujidanganya kuwa vijana. Walipendana kwa samaki wa kukaanga, kwa utani, na kwa simu nyingi kupita kiasi. Aliyekuwa na shida na jambo hilo ni Hasifa, dada mkubwa wa Fadhul. Mama huyo alivaa gurbaba zake za rangi kali kila siku, kama wanawake wa Kinubi wa zamani, na hakujua kusema jambo nusu. Siku walipokutanishwa alimwambia Phelister usoni, "Ndugu yangu hawezi kuoa mtu ya kanisa." Phelister akamjibu kwamba yeye hakuja kumposa Hasifa. Tangu hapo hawakusemezana.

Ramadhani ikaingia. Phelister hakufunga, ila kila alfajiri alipiga simu kumwamsha Fadhul ale daku.

"Umeamka, mzee wangu?"

"Nimeamka, sukari yangu."

"Umekula nini?"

"Chai, mkate, na ile samaki yako ya jana."

"Na kidonge?"

"Nimemeza."

"Haya. Mungu akulinde. Mimi narudi kulala, nyinyi endeleeni na dini yenu."

Mwanzoni ilikuwa kweli. Lakini siku ya tatu ya mfungo, Fadhul akipiga mswaki mchana, fizi zilimtoka damu na akasikia chumvi yake kooni. Akaogopa kwamba ameimeza na saumu imeharibika. Angeweza kumuuliza shehe. Angeweza kumuuliza daktari. Hakuuliza mtu, aliamua mwenyewe, kama wanaume wengi wanavyoamua kuhusu miili yao, akachukua vidonge vyote alivyokuwa navyo, akampelekea Hasifa. "Niwekee mpaka Idd," alimwambia. Hasifa akaviweka kabatini kando ya glasi, akamsifu kwa imani yake. Phelister hakuambiwa. Fadhul alijua atasema dini inamuua, naye hakutaka kusikia hayo kutoka kwake, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamejaa maneno ya dada yake tayari.

Kila alfajiri basi alisema "Nimemeza," na kila alfajiri Phelister alilala tena kwa amani.

Ikaja shida nyingine. Siku mbili za kwanza Phelister alimwekea futari hotelini na kumwangalia akimeza kidonge cha jioni. Fadhul akaacha kwenda.

"Jana ulifuturu wapi?" Phelister aliuliza kwenye simu.

"Kwa Hasifa."

"Na juzi?"

"Kwa Hasifa. Ananipikia bure tu, mpenzi yangu."

"Na mimi nakuuzia? Fadhul, kama dada yako ameshinda, njoo unitazame machoni uniambie. Mimi si msichana wa kuachwa kwa simu."

Alikuja mchana huo huo. Hoteli ilikuwa tupu, meza zimefutwa, adhana ya alasiri imetoka tu kuisha kwenye msikiti wa jirani. Phelister alikuwa amevaa gauni la zambarau alilolishona kwa ajili ya Idd, kwa makusudi, ili aone anachokipoteza. Fadhul akabaki amesimama, funguo za pikapu mkononi. Alikuwa amekusudia kusema ukweli wote.

"Phelister, mimi... ile kitu... mimi na..."

"Sema."

"Ile... ile maji ya... ya..."

"Unatafuta uongo? Tafuta pole pole, sina haraka."

Akaangua kicheko cha uchungu na kumgeuzia mgongo. Ni funguo zilizomgeuza, zilipoanguka sakafuni. Mdomo wa Fadhul ulikuwa umeshuka upande wa kulia, na mkono wa upande huo ulining'inia tu. Macho yake yalimtazama yeye kwa hofu kubwa. Phelister alimdaka kabla hajaanguka, akamwita Kamis, fundi wa magurudumu wa jirani, wakamlaza kwenye pikapu na Kamis akashika usukani.

Walifika kwenye hospitali moja ya mjini yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Zamu ilikuwa ya daktari mwanamke, Dokta Akullo, mtoto wa polisi aliyekulia kambini, kwa hiyo Kiswahili hakikumpa taabu.

"Hii ilianza saa ngapi?"

"Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha tu. Nilikuwa naye, tulikuwa tunaongea."

"Vizuri sana. Wengi hawajui."

Picha ilitoka haraka. Dokta Akullo alimweleza akiwa amesimama kando ya kitanda. "Hakuna damu iliyovuja ndani. Ni bonge la damu, limeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana amepoteza maneno na upande wa kulia. Nina dawa ya kuliyeyusha, inaingia kwenye mshipa wa mkono. Lazima ianze ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu ugonjwa ulipoanza, na kila dakika inayopita anapoteza kitu. Anatumia dawa yoyote ya kuzuia damu isigande?"

"Ndiyo," Phelister akasema kwa fahari kidogo, kwa kuwa alilijua jina la dawa hiyo na alilitamka sawasawa. "Mara mbili kwa siku. Leo amemeza alfajiri."

Daktari akamgeukia. "Una hakika?"

"Mimi ndiye namwamsha. Amemeza."

"Basi siwezi kumpa. Dawa ya kuyeyusha ikiikuta ile nyingine kwenye damu, anaweza kuvuja ndani ya kichwa, na hapo tutampoteza kabisa. Kipimo nilicho nacho hapa hakinionyeshi vizuri dawa ya aina hiyo. Kuna mahali wangeingiza waya mpaka ndani ya mshipa walitoe lile bonge. Sisi hatuna. Angekuwa na siku mbili bila kumeza, na figo ziko sawa, ningempa sasa hivi."

Fadhul alisikia. Maneno yalikuwa yamemtoroka mdomoni, si masikioni. Akaanza kupiga chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto. Phelister akaushika mkono ule na kuubana kifuani kwake amtulize.

"Tulia, mzee wangu. Nimeshamwambia kila kitu. Nimemwambia umemeza."

Mkono ukajinyofoa, ukapiga chuma tena, kwa nguvu. Phelister akamtazama. Akamsogelea uso.

"Fadhul. Ulimeza?"

Kichwa kikaenda kushoto, kikarudi kulia. Machozi yakamtoka kwa jicho moja na jingine.

"Hajameza," Phelister akasema. "Dokta, hajameza. Amenidanganya."

"Siwezi kutibu kwa kutikisa kichwa, mama. Kiharusi cha upande huu kinaweza kuchanganya ndiyo na hapana. Nani mwingine anajua?"

Namba ya Hasifa alikuwa nayo. Alikuwa ameiandika kwa jina ambalo halifai kurudiwa hapa. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Unataka nini?" Hasifa akasema.

"Mama Hasifa, ni Phelister. Fadhul amepata kiharusi. Tuko hospitali. Daktari anataka kujua kama anameza vidonge vyake. Mimi aliniambia anameza."

Mlango wa kabati ukasikika ukifunguliwa.

"Nakuomba," Phelister akasema. "Nitukane kesho. Leo niambie tu."

"Haimezi," Hasifa akasema, na sauti ikaanza kumkatika. "Meno yake ilikuwa inatoa damu, akaogopa saumu. Alileta dawa yote kwangu. Mimi nilimwambia amefanya vizuri. Ya Rabi, mimi nilimwambia vizuri."

Dokta Akullo akaichukua simu, akafungua spika. "Mama, dawa iko wapi sasa?"

"Kwa kabati. Naishika hapa. Tangu mfungo ya tatu."

"Leo ni wa kumi na moja. Hana nyingine popote?"

"Hana. Kama iko na nyingine, hangeniletea hii nifiche. Nilikuwa nafuturu naye kila siku, hajagusa."

"Damu yake tumeshaipima, figo ni nzuri na vipimo vya kuganda viko sawa. Vikiungana na haya unayoniambia, naweza kumpa. Lakini sikufichi: hata hivyo, mmoja mmoja huvuja damu. Wewe ndiye ndugu. Unakubali?"

Hasifa akasema, "Phelister iko hapo?"

"Niko."

"Wewe unamwona, mimi simwoni. Wewe unasema nini?"

Phelister alimtazama mwanamume yule kitandani, nusu ya uso imelala, na alimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja. "Apewe," akasema.

"Basi ampe."

Dawa ikaingia jua likiwa bado halijazama. Hasifa alifika na gurbaba yake ikiwa imefungwa kombo, akakaa kwenye benchi na Phelister. Adhana ya magharibi ilipolia, Phelister akamnunulia maji na ndizi mlangoni. Hasifa akafungua saumu yake kwa mkono wa mtu ya kanisa.

Asubuhi Fadhul aliinua mkono wa kulia hadi kifuani. Maneno yakarudi moja moja. Hayakurudi yote, na vidole vya kulia vilibaki vizito, hata pikapu ikabidi iendeshwe na Kamis. Lakini alikuwa mtu anayezungumza, na picha ya pili ya kichwa haikuonyesha damu. Hasifa akaenda kwa shehe kuuliza lile lililopaswa kuulizwa tangu mwanzo. Alijibiwa kwamba damu ya fizi mtu huitema tu, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye.

Phelister alipoona Fadhul yuko salama, akaondoka. Hakurudi. Alituma supu ya samaki kila siku kwa mkono wa Kamis, yenye limau ya kutosha, bila salamu. Fadhul akipiga simu, haipokelewi. Siku moja akapokea.

"Phe-lister."

"Nani mwenzangu?"

"Dokta anasema leo... naanza tena kidonge. Picha iko... sawa. Kuja."

"Meza. Unajua kumeza. Ulinifundisha alfajiri zote zile."

"Kuja," Fadhul akasema. "Tafadhali."

Alikuja hospitalini na gauni la kazini, linanukia mafuta ya kukaangia, makusudi pia. Hasifa alikuwa dirishani akikunja shuka. Phelister hakuketi.

"Umekasirika," Fadhul akasema.

"Sana."

"Mimi niliogopa. Utasema dini..."

"Ungeacha niseme. Ningesema, ungejibu, tungegombana, tungekula. Unajua kinachoninyima usingizi? Daktari aliniuliza mimi. Mimi, bila kufikiri, nikamjibu. Nilikuamini, Fadhul. Karibu nikuue kwa kukuamini."

Hasifa aliacha kukunja shuka. Fadhul alitafuta maneno yake kwa muda mrefu, na safari hii Phelister alimngoja bila kumcheka.

"Basi usi... usiniamini tena," akasema. "Kaa na mimi. Uniangalie."

"Unanitaka nesi?"

"Nataka mke. Kanisa yako... endelea nayo."

Phelister akamgeukia Hasifa. Hasifa akashusha macho kwenye shuka. "Mimi nilimsifu mpaka nikamlaza kitandani," akasema. "Sina mdomo ya kukataa. Kama uko na kaka, iko wapi, tuende kwake kuposa?"

"Kisumu. Anaitwa Omolo, na hana huruma na wakwe."

"Tutaenda baada ya Idd," Hasifa akasema.

Ombi la Fadhul la ndoa Phelister alikuwa bado hajalijibu. Alichukua kidonge mezani, akakiweka kwenye kiganja cha kulia cha Fadhul, kile kizito, akampa muda akipeleke mdomoni mwenyewe. Akamshikia glasi.

"Fungua. Inua ulimi." Akachungulia kulia, akachungulia kushoto, kama mtu anayekagua samaki. Hakikuwamo. Ndipo akavuta kiti, akaketi.