Anayeshindwa Ndiye Anayefagia

Usiamini. Kaa hapo hapo, kunja mikono, weka huo uso wako wa mtu mwenye vyeti, halafu usiamini. Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, na bado nimewatandika gofu wahasibu, daktari wa meno na paroko mmoja mwenye matusi. Watu wasioniamini nimewazoea. Ila nikimaliza nitakuomba kitu kidogo tu. Jua likianza kuzama, twende ukasimame peke yako kwenye mchanga wa shimo la kumi na nne, pale mto Kafue unapopinda. Ukisimama mpaka nyota zitoke, mimi mwongo, nitembee uchi sokoni.

Hutasimama. Sikiliza.

Mutoba ni shemeji yangu. Amemuoa dada yangu Kunda, kwa hiyo nina haki ya kumsema vyovyote. Ni mchomelea vyuma pale mgodini, Mbemba mwenye mabega kama mlango wa ghala na mdomo uliopita mabega. Gofu alijifundisha mwenyewe, kwa viatu vya mpira wa miguu, vile vya njumu, akapiga watu mpaka akafika fainali ya ngao ya klabu. Huko akamkuta Mzee Sampule.

Mzee Sampule ndiye nahodha wa klabu. Alistaafu unyapara wa chini ya ardhi wakati baba yangu bado ana meno yote, na mpaka siku hiyo alikuwa anaupiga mpira unapotelea angani. Mgongo umenyooka. Ngozi inang'aa. Ngao ilikuwa ukutani kwake miaka na miaka. Na kila aliyekutana naye fainali alizikwa kabla ya mvua nyingine kuanza.

Kapotwe alivimba miguu ikamenyeka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Lubumba wakata matete walimkuta mtoni, kasimama ndani ya maji, wima, kafa.

Mutoba alijua. Mji mzima ulijua. Dada yangu alimshika shati mlangoni.

"Baba Chola, mwachie mzee ngao yake. Utakula ngao?"

"Kapotwe aliuawa na pombe, Lubumba na ujinga," Mutoba akasema. "Mimi sina hata kimoja."

"Cha pili unacho," dada akamwambia. Akamwachia shati.

Sasa uelewe uwanja wetu, maana jambo lote liko hapo. Klabu yetu ni ya mgodi uliochoka. Yale majani laini kama zulia ya kuzunguka shimo, ambayo unayaona kwa matajiri, sisi hatuna. Tuna mchanga. Umechanganywa na mafuta machafu ya mashine, mweusi, umelala bapa kama chapati, na kila unyayo unabaki juu yake kama muhuri. Kwa hiyo mkimaliza shimo lazima mchanga ufagiwe. Pembeni pana kipande cha zulia kuukuu kilichofungwa kwenye mti, unakiburuta unazunguka nacho, nyayo zinafutika, wanaofuata wanakuta pasafi. Na kwetu anayeshindwa shimo ndiye anayefagia. Aliyeshinda anaondoka kifua mbele bila kugeuka. Ukigeuka kumtazama mwenzako akifagia, wewe mshamba.

Hapo ndipo mtu anapouliwa.

Siku hiyo mvua ilinyesha mchana ikachelewesha mchezo. Walipofika shimo la kumi na moja jua lilikuwa limeshuka begani mwa mlima wa taka za shaba. Watazamaji walishakimbilia kinywaji cha munkoyo na nyama choma. Walibaki Mzee Sampule, aliyebeba begi lake mwenyewe, na Mutoba na kedi wake wa kumbebea begi, Jere. Jere ni Mngoni, na Mngoni na Mbemba ni watani, wakikutana hawasalimiani, wanatukanana.

Mzee alikuwa mbele kwa mashimo mawili. Yakafuata yale matatu ya mtoni.

La kumi na mbili ni jembamba kama ushoroba, mto uko kushoto mwanzo mpaka mwisho, na hakuna anayefuata mpira ulioangukia kwenye matete. Mutoba alipiga katikati. Mzee naye. Pigo la pili wote wakafika mchangani. Mutoba akanyoosha mkono kupokea fimbo ya kusukumia. Jere akamrushia kutoka majanini.

"Mla panya, unaogopa mchanga?"

"Mla nyani, miguu yangu bado naihitaji. Daka."

Mutoba alitumbukiza. Mzee alibakiwa na kampira kadogo, umbali wa kiganja na kidole. Kitu cha kusukuma huku unapiga chafya. Akakosa.

"Macho ya uzee," Mzee Sampule akasema. Akatabasamu. Akaliokota zulia kabla mtu hajamwambia. "Nenda, mwanangu. Nenda zako. Mshindi hafagii."

Mutoba akaenda. Nyuma yake zulia likalia. Krrr… krrr… krrr…

Likanyamaza mapema kuliko lilivyotakiwa.

Hakugeuka. Angegeukaje? Alikuwa ndiyo kwanza amemfunga Sampule.

La kumi na tatu ni fupi. Unaupiga mpira juu ya maji yenyewe, pale mto unapokunja kiwiko, na ukipungukiwa kidogo tu umelisha viboko. Mutoba aliutua mchangani kama mtu anayeweka yai. Mzee akautua karibu zaidi. Halafu, kampira ka mtoto, akakosa tena.

"Mzee, leo umekunywa nini?" Mutoba akacheka. "Tumelingana! Kaanze kuipangusa vumbi hiyo ngao, isije ikanichafua."

"Nenda, mwanangu," mzee akasema kwa upole. "Mshindi hafagii."

Krrr… krrr…

Kimya.

Mutoba alikuwa anapanda kwenda mahali pa kupigia la kumi na nne alipohisi baridi. Miguuni. Akapiga hatua, kiatu kikafanya chwaa. Akapiga nyingine. Chwaa.

"Jere, umenimwagia maji kwenye viatu, mla panya wewe?"

Mutoba akaketi, akavua. Kiatu kwa nje kilikuwa kikavu, kina vumbi. Soksi ilikuwa inatiririka maji. Ilinuka tope la chini ya mto, lile lisilowahi kuona jua, na mafuta machafu. Katikati ya vidole vyake palikuwa na uzi wa kijani wa mwani. Akauvuta. Ukaja. Ukaendelea kuja.

"Mtani," Jere akanong'ona. Sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Inuka. Tazama tulikotoka. Usionyeshe kidole."

Pale pa kupigia la kumi na nne ni juu ya kichuguu kikubwa. Mtu anaiona michanga yote miwili ya nyuma, imelala pembeni ya mto kama macho. Mchanga wa kumi na mbili ulikuwa umefagiwa vizuri, unang'aa. Isipokuwa mstari mmoja wa nyayo.

Nyayo za njumu.

Klabu nzima mwenye njumu alikuwa mmoja tu. Na nyayo zile zilitoka shimoni zikaelekea kushoto, upande wa maji.

"Mimi sikupita huko," Mutoba akasema.

"Najua."

Mchanga wa kumi na tatu, vivyo hivyo. Ila hapa nyayo hazikuishia mchangani. Zilishuka kwenye tope la ukingoni, moja baada ya nyingine, ncha zikitazama mto.

Wakiwa bado wanatazama, ikaongezeka moja.

Hapakuwa na mtu.

Tope likabonyea tena. Moja nyingine.

Na mguu wa Mutoba, ule uliokuwa umekaa juu ya nyasi kavu, ukahisi tope likipanda kati ya vidole.

"Lubumba alishinda yote matatu," Jere akasema. "Begi lake nilibeba mimi. Kapotwe naye alishinda yote matatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Na huo mdomo wako? Ungenisikia?"

Chini yao Mzee Sampule alikuwa anapanda, begi begani, hana haraka, anaimba kwa pua kiwimbo cha harusi.

Basi Mutoba akajua. Mzee alikuwa hapotezi mashimo. Alikuwa ananunua zulia. Mashimo mawili ameshanunua, limebaki moja, na mwenye nyayo atashuka mtoni azifuate. Dawa ilikuwa moja tu. Mutoba ashindwe shimo la kumi na nne, afagie yeye.

Unacheka? Ni rahisi, siyo? Kushindwa si kila mtu anaweza. Jaribu siku moja kushindwa na mtu ambaye naye anataka kushindwa.

Mchanga wa kumi na nne umekaa kwenye ulimi wa nchi, maji huku na maji huku. Mutoba alipiga ovyo makusudi, mpira ukagonga mti ukarudi njiani. Mzee akapiga ovyo zaidi. Mutoba akapiga mchanga. Mzee akapiga hewa. Wakasogea hivyo, watu wawili walio bora kuliko wote katika mji ule, wakicheza kama walevi, mpaka wakafika mchangani wamelingana, na mpira wa kila mmoja ukiwa karibu na shimo kiasi cha kuufukuza kwa pumzi.

Jua likaingia.

"Cheza, mwanangu."

Mutoba akasukuma. Akakosa kwa nywele.

Tabasamu la mzee likafifia. Akasukuma. Akakosa.

"Cheza."

"Cheza wewe, mzee."

Wakakosa. Wakakosa tena. Mipira ikawa inazunguka lile shimo kama nzi. Vyura waliokuwa wanapiga kelele matetani wakakata wote kwa pamoja. Harufu ikapanda… chuma kilicholowa, samaki, na jasho la mtu. Matete upande wa kushoto yakafunguka taratibu, kama mtu anayesogeza pazia aone wageni.

Palikuwa na uso mle ndani. Ulikuwa juu ya maji, shingo nene nyuma yake ikiendelea, ikiendelea, magamba yakimetameta mpaka gizani.

Uso ulikuwa wa Mzee Sampule.

Na Mzee Sampule alikuwa amesimama hapa, mbele ya Mutoba, fimbo mkononi.

Kwetu tunamwita ilomba. Nyoka anayefugwa mtoni. Anakula nyayo za watu, bwana wake anabaki kijana, na asipolishwa anajua nyumba aliyotokea.

"Cheza," mzee akasema. Nyuso zote mbili zikafungua mdomo.

Mutoba alikuwa hasikii tena miguu yake. Maji yalikuwa magotini, ilhali amesimama pakavu. Na hapo ndipo ule mdomo wake mkubwa ulipomfaa kwa mara ya kwanza maishani.

Katika gofu ya watu wawili unaweza kumpa mwenzako shimo. Unaokota mpira wako unasema chukua, imekwisha. Na ukishapewa huwezi kukataa, ndiyo sheria, kwetu na kwa wazungu. Lakini kwetu hakuna mwanamume aliyewahi kumpa mwenzake shimo kwenye fainali. Afadhali uvue suruali mbele ya wakwe. Mzee Sampule, kwa uzee wake wote, hakuwahi kuogopa kwamba kijana wa kiume atainama.

Mutoba akainama. Akaokota mpira.

"Nimekupa, mzee. Shimo ni lako. Nimeshindwa."

Mzee akaganda. "Hapana," akanong'ona. "Hapana, mimi ndiye niliyekupa. Mimi nakupa!"

"Nimetangulia. Jere shahidi."

"Shahidi!" Jere akalia kutoka majanini, amefumba macho.

Mutoba akalinyakua zulia. Mzee akaangusha fimbo, akapiga magoti juu ya mchanga, na mgongo ule ulionyooka miaka yote ukaanza kukunjika palepale, pingili moja baada ya nyingine, zinasikika.

"Fagia zote, mwanangu. Nakusihi. Zako na zangu. Usiache hata moja. Baba, nakuita baba… fagia zote."

Krrr… krrr… krrr…

Mutoba alifagia. Alifuta njumu moja baada ya nyingine, na kila iliyofutika, maji yakashuka mguuni. Alizunguka shimo, akamzunguka mzee, akafika ukingoni.

Likanyamaza mapema kuliko lilivyotakiwa.

Palikuwa na mstari mmoja umebaki. Viatu vya ngozi, soli laini. Ulielekea kushoto.

Mzee Sampule aliinuka. Akaweka mguu kwenye unyayo wa kwanza. Ukamkaa sawasawa. Akaweka kwenye wa pili. Matete yakampokea, yakajifunga, na vyura wakaanza tena kupiga kelele.

Watu walisema mamba. Walikuta viatu ukingoni, vimepangwa vizuri kama mlangoni kwa mtu. Alfajiri Mutoba alirudi kufagia ile mistari ya kumi na mbili na kumi na tatu. Akakuta michanga yote miwili imeshafagiwa, safi, na zulia bado linachuruzika maji. Nani alifanya? Jere hasemi. Jere ameacha kubeba mabegi, anauza dagaa wa kapenta sokoni, na ukimtukana kwa utani anakutazama tu.

Mutoba ndiye nahodha sasa. Amenenepa, ngozi inang'aa, mpira wake unapotelea angani. Haya yote alinihadithia mwenyewe, nyumbani, mbele ya ugali wetu wa nshima, akicheka, mpaka dada yangu akaondoka mezani.

Haya. Simama basi, twende kwenye mchanga. Mbona umekaa?

Sawa. Kuna kipande nilikiruka.

Hakunihadithia zamani. Alinihadithia juzi Jumapili. Na siku moja kabla, Jumamosi jioni, tulikuwa tumecheza fainali, mimi na yeye. Nilimfunga mashimo yote matatu ya mtoni. Alikuwa anakosa vimpira vya mtoto, nikamwambia shemeji umezeeka, naye akaniambia nenda, mdogo wangu, mshindi hafagii.

Nikaenda. Sikugeuka hata mara moja, nilikuwa nacheka mno.