Ruolan Akariri Ubao wa Macho

Kila siku baada ya kipindi cha pili, kipaza sauti cha shule yao mjini Yangzhou kilianza kuhesabu kwa muziki, na darasa zima likafumba macho na kuyasugua pembeni kwa vidole. Hayo ndiyo mazoezi ya macho. Siku hiyo Ruolan, msichana wa miaka kumi na miwili, alisugua huku midomo ikimchezacheza: "Juu, kulia, kulia, chini, kushoto..."

"Unasali?" alinong'ona Peizhen, mwenzake wa dawati.

"Nyamaza we! Utanipoteza."

Alikuwa anakariri ubao wa kupimia macho, ule wenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, nawe unaonyesha kwa mkono kila moja imeelekea wapi. Aliunakili juzi kwenye chumba cha daktari wa shule, pua ikiugusa. Mwezi mzima, akitazama mbali, alikuwa akiona ukungu tu, na Jumamosi ilikuwa fainali ya mpira wa meza. Aliamini kocha, Mwalimu Bian, akijua tu, hatamchezesha.

Baada ya mazoezi upimaji ulianza mle darasani, na zamu yake ilipofika alifunika jicho moja. Daktari Gu wa shule, mama mnene asiye na haraka, akanyoosha kijiti.

"Hii?"

"Juu!"

"Hii?"

"Kulia!"

"Na hii?"

"Kulia tena!" alijibu, mkono ukikata hewa kama wa askari wa barabarani.

Darasa likaangua kicheko. Peizhen alijishika mbavu.

"Mwanangu," alisema Daktari, "hiyo ya mwisho ni chupa yangu ya chai."

Machozi yakamlengalenga Ruolan. "Daktari, usimwambie Mwalimu Bian. Atanitoa kwenye timu!"

Daktari akamvuta kando. "Unaona kwa kutumia nini?"

"Macho."

"Hiyo ni nusu ya kazi. Mwanga huingia kwenye mboni na kuangukia utando ulio nyuma ya jicho. Utando huugeuza kuwa ishara, na neva huzibeba ishara hizo hadi kwenye ubongo, huku nyuma." Akamgonga kisogoni. "Hapa ndipo picha inaposomwa."

"Yaani naonea kisogoni?"

"Ndiyo. Jicho likipeleka ukungu, ubongo hubahatisha. Jana uliliinamia pipa la maji ya moto kwa heshima, ukidhani ni mwalimu mkuu."

"Uliniona?"

"Mimi nina miwani. Kocha wako utamwambia mwenyewe."

Ijumaa mama yake alimnunulia miwani. Ruolan akaingia nayo kwenye ukumbi wa mazoezi. "Mwalimu, nilidanganya. Mwezi mzima sioni vizuri."

Mwalimu Bian alisogea kuitazama miwani yake. Ruolan naye akamtazama, akashindwa kujizuia. "Mwalimu! Kumbe una masharubu!"

Timu nzima ikajibwaga sakafuni kwa kicheko.

"Nayafuga tangu mwaka mpya," alisema kocha kwa uchungu, akijipapasa mdomo. Kisha akainama karibu naye. "Sikiliza. Ulipokuwa unakosa mipira, nilidhani umekuwa mvivu, nikaanza kutafuta wa kukubadilisha. Miwani haimtoi mtu kwenye timu. Kuficha ndiko kulikotaka kukutoa. Tatizo la mwili liseme mapema, usaidiwe. Haya, shika kibao chako cha kupigia mpira. Kesho unaanza wewe."