Dawati la Zamu Mbili

Wapo wanaoanza visa vya namna hii kwa kuapa kwamba ni kweli. Mimi siapi. Niliapa vya kutosha nikiwa na miaka kumi na sita, tena kila siku saa sita mchana, mbele ya mwalimu na wenzangu arobaini na saba.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1889, katika mji wetu wa viwanda kando ya Ziwa Erie. Sekondari yetu ilijengwa kwa wanafunzi mia tatu. Tulikuwa mia saba na bado watu wanakuja, maana kila nyumba ilikuwa na msichana aliyetaka kuwa mwalimu asiishie kufua nguo za watu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mkuu wa shule akaona hana njia, akatugawa zamu mbili: sisi asubuhi, wengine alasiri. Dawati moja, wenyewe wawili, wasioonana.

Mwenzangu wa dawati aliitwa Mina Kratz, binti wa Wajerumani wa mtaa wa kiwanda cha bia. Sikuwahi kumtia machoni. Siku moja nilikuta kijikaratasi chini ya kidau cha wino: "Wewe wa asubuhi, makombo yako ya mkate yanaleta panya. Mimi ni Mina." Nikamwandikia: "Wewe wa alasiri, hata panya wana haki ya kusoma. Mimi ni Hettie." Basi urafiki ukaanzia hapo. Kilatini kilikuwa kimenishinda, na yeye kwake kilikuwa maji ya kunywa. Akawa ananisahihishia sentensi zangu, taratibu, bila kunicheka.

Sasa shule yetu ilikuwa na desturi yake. Kunong'ona na kuandikiana vilikatazwa, lakini hakuna aliyetuchunga. Mwisho wa kila zamu Bi Colburn, mwalimu wa asubuhi na wa alasiri pia, aliita majina, na kila mtu alijiripoti mwenyewe. Kama hukukosa, unajibu "Safi." Kama ulikosa, unataja ni mara ngapi. Zikifika kumi katika muhula, unafukuzwa.

Mimi nilijibu "Safi" kila siku. Sote tulijibu hivyo, hata wale waliokuwa wananong'ona mpaka wakati majina yanaitwa. Mina peke yake, huko alasiri, alijibu "Moja" kila siku aliyoniandikia. Walimuuliza anaandikiana na nani, akakataa kunitaja. Wenzake wakamkebehi kwa jina walilowabandika Wajerumani, "Huyu Kabichi hata kudanganya hajui." Alikuwa ameshafika sita.

Mwezi wa pili tukafanya mtihani wa Kilatini. Sisi asubuhi, wao alasiri, maswali yaleyale. Niliona huu ndio wakati wa kumlipa Mina wema wake. Niliyanakili maswali yote kwa herufi kubwa, mwandiko usijulikane, nikayaweka ndani ya dawati. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Nilitenda, na nikaenda zangu kweli kweli.

Bi Colburn aliipata ile karatasi kabla Mina hajaiona. Jioni jina lake lilipoitwa, Mina akasimama akasema, "Safi." Siku hiyo hakuwa ameniandikia wala kuiona karatasi; safi yake ilikuwa kweli tupu.

Kesho yake mkuu wa shule alikuja darasani kwetu, akasimama mbele yangu. "Hettie, dawati hili ni lako pia. Unajua lolote?"

"Safi, bwana," nikasema.

Akafungua daftari la kujiripoti. Mwaka mzima sikuwa na doa hata moja, na Mina alikuwa na sita. Mkuu alinigusa bega, akaenda zake. Mbele ya jina la Mina wakaandika kwa wino mwekundu: Mwongo. Akafukuzwa.

Alipata kazi ya kufua nguo kwenye kiwanda cha kufulia kwa mvuke. Unatoka kwenye joto umelowa, unaingia kwenye theluji. Haikupita mwezi, kichomi kikamchukua. Niliambiwa na rafiki yangu Addie, aliyekuwa akitafuna tufaha.

Jumatatu iliyofuata Bi Colburn aliita majina kama kawaida. Alipofika kwangu nikafungua mdomo.

"Moja."

Mimi sikusema kitu. Sauti ilitoka chini ya kifuniko cha dawati, nzito kidogo, kama ya mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani. Bi Colburn alinitazama juu ya miwani. "Moja, Hettie? Unaandikiana na nani?" Nikainamia kidau changu. Akaandika.

Jumanne, "Moja." Jumatano, "Moja." Nilijaribu kuwahi, nikajaribu kupaza sauti. Ulimi ulikuwa mzito, meno baridi. Ile sauti haikuwa na haraka, ilijibu kwa adabu, kama mwanafunzi mzuri.

Addie alinivuta penye kulabu za makoti. "Wewe mzima? Mbona unajichongea?"

"Si mimi, Addie."

"Si wewe, nani? Nimekuona umefungua mdomo." Kisha akashusha sauti. "Ila nikuulize. Darasa lile ni baridi, sote tukijibu tunatoa mvuke. Mbona wewe hutoi?"

Tangu siku hiyo alisogeza kiti chake mbali na changu.

Na kila mchana, sisi tukitoka, mama yake Mina alikuwa amesimama mlangoni na shali nyeusi. Hakulia. Alimwambia Bi Colburn neno lilelile: "Mwalimu, mwanangu hakuwa mwongo. Futa lile neno." Bi Colburn naye alijibu lilelile: "Mama Kratz, niletee mwenye kosa akiri, nitalifuta mbele yako." Mimi nilipita katikati yao na vitabu vyangu. Nilinusa sabuni ya shali yake. Niliona haya hata kupumua.

Zikafika tisa. Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa, na mama Kratz aliruhusiwa kuingia akakaa nyuma, kwa kuwa kesho yake anapanda treni kwenda kwa kaka yake Wisconsin na hatarudi. Nilijua la kufanya. Usiku kucha nilikuwa nimejiambia: sauti ikisema moja nitafukuzwa, basi afadhali nikiri, nifukuzwe na ukweli wangu. Nilipanga maneno yote. Ni mimi niliyeandika. Mina hakuiona.

Majina yakaanza. Saa ya ukutani ikagonga. Jiko la makaa likazizima. Chini ya kifuniko nilisikia pumzi. Ilipanda. Ikashuka. Ikapanda. Ikazuiwa.

"Hettie Vanderlip."

Nikangoja. Sauti haikuja.

Ulimi ukawa mwepesi. Meno yakapata joto. Nikaelewa kwamba Mina hakuwa amekuja kunishitaki. Siku tisa alikuwa akinionyesha jinsi ya kujibu, kama alivyonionyesha Kilatini, na sasa amenyamaza ili nijibu mwenyewe. Mama yake alikuwa ameinua uso. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, wa kutoka.

"Safi," nikasema.

Sikulipanga neno lile. Mdomo ulilizoea. Bi Colburn akatabasamu, "Afadhali, Hettie," akaita jina lililofuata. Mama Kratz akaifunga shali yake, akatoka. Ningeweza kumkimbilia. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili, nilizihesabu alivyokuwa akishuka, na mpaka ya mwisho bado ningeweza.

Darasa lilipobaki tupu nilifunua kifuniko. Kwa ndani, kwenye mbao, palikuwa na alama mbichi ya unyevu: shavu moja, pembe ya mdomo, na ukope. Mtu alikuwa amelaza uso pale kutokea ndani, akisikiliza.

Nilimaliza shule nikiwa wa tatu. Nikawa mwalimu, chumba kilekile, na huu ni mwaka wa ishirini na tatu. Desturi ya kujiripoti ilikufa zamani, Bi Colburn naye. Ile alama haijakauka. Seremala wetu, mzee Oleson, ameipiga randa mara tatu, na kila mara inarudi kwenye mbao mpya. Mara ya nne alikataa, na hakunieleza kwa nini.

Jana nilibaki peke yangu baada ya masomo, jua bado linawaka madirishani. Nikasimama mbele ya lile dawati, nikasema yote kwa sauti: karatasi, herufi kubwa, jina langu, jina lake. Nikamaliza. Nikafunua, nikapapasa.

Pabichi vilevile. Tofauti ni kwamba sasa pana joto, kama shavu la mtu.